Tuache kuihukumu pombe kwa chombo chake

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo imenijia mara nyingi tangu jioni moja ya baridi niliyoipitisha Kikima, juu katika vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni. Tulikuwa watu wazima watatu: mimi, mwalimu mwenzangu wa kemia, na mzee mmoja wa kijiji hicho ambaye ujanani alisifika kwa kupika uki, pombe ya jadi ya Wakamba. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka Nairobi na chupa mbili za bia nyeusi yenye uchungu mwingi, kazi ya kiwanda kidogo. Ukutani mwa nyumba ya mzee paliangikwa kitete, yaani kibuyu cha kupikia pombe, kikiwa kitupu na kikavu. Alikiacha miaka mingi iliyopita kwa kuchoka kuwakimbia askari.

Hatukukutana ili kulewa. Chupa mbili kwa watu watatu haziwezi kumlewesha mtu. Tulikutana ili kuonja na kutathmini, kwa maana mwenzangu alikuwa amesoma jinsi waamuzi wa bia huko Marekani wanavyotoa alama, akataka tujaribu. Nami, ambaye nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikisahihisha mitihani, nilivutiwa na mwongozo wao kuliko na bia yenyewe. Chama cha waamuzi hao, kilichoanzishwa mwaka 1985, hutoa alama kwa jumla ya 50. Harufu ina alama 12, sura 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyohisika mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Namwomba msomaji azitie akilini tarakimu hizo, hasa ile 3 ya sura, kwani ndiyo kiini cha makala haya.

Bia tuliyokuwa nayo ni ya aina ya eli, ambayo chachu yake hufanya kazi katika joto la kadiri na kupanda juu ya pipa, tofauti na laga tuliyoizoea, ambayo huchachuka kwa ubaridi na chachu yake kutua chini. Weusi wake hutokana na kimea cha shayiri kilichokaangwa kama buni. Uchungu wake una chimbuko jingine, nalo ni maua ya mmea utambaao uitwao hopsi. Mmea huo hupenda nchi zenye siku ndefu za kiangazi, na kwa hiyo haustawi vyema hapa kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Hopsi ndiyo iliyowawezesha Waingereza na Waairishi wa zamani kusafirisha bia zao baharini kwa miezi kadhaa bila kuharibika, kwani huzuia vijidudu. Hata bia nyeusi ya Guinness inayouzwa kwetu imetoka katika ukoo wa bia iliyoongezwa hopsi mwaka 1801 kwa ajili ya safari ndefu ya kwenda visiwa vya Karibi.

Tulimimina. Sura ilikuwa nyeusi kama kahawa isiyotiwa maziwa, nayo kahawa Mbooni si kitu kigeni. Povu lake lilikuwa la rangi ya udongo mwepesi, nalo lilikaa. Tukampa mtahiniwa alama zote 3. Katika harufu palikuwa na ganda la chungwa lililomenywa sasa hivi, utomvu wa msonobari, na kwa mbali mkate uliookwa hadi ukakaribia kuungua. Tukampa 10. Ladha ndiyo iliyotupa kazi, kwa sababu bia ya namna hii hubeba uchungu wa aina mbili, wa kukaangwa na wa maua, na ufundi wa mpishi ni kuzuia mmoja usimpige mwenzake. Hii ilianza vizuri ikamaliza kwa ukakasi kidogo, kama chai iliyochemshwa mno. Tukatoa 15. Mdomoni ilikuwa nzito kiasi, bila kunata, tukaipa 4. Tathmini ya jumla tukaipa 7. Jumla ikawa 39 juu ya 50. Ingekuwa insha, ningeiandikia: kazi nzuri, chunga hitimisho.

Mzee hakutumia karatasi. Aliinusa kwanza, akaiinua bilauri kwenye mwanga wa taa, akanywa funda dogo, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

"Mwalimu," akaniambia, "hii imekaangwa, haikuunguzwa. Huyu mpishi alikaa karibu na moto wake. Lakini mwishoni ameharakisha."

Ilikuwa tathmini ileile tuliyoifikia kwa alama 50 na hoja nyingi. Nilipomuuliza alijifunza wapi, akakionyesha kile kitete ukutani. Akatueleza jinsi walivyokamua miwa au kuchanganya asali na maji, wakatia vipande vya tunda la muatine, mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Tunda hilo bichi ni hatari kwa tumbo. Likipasuliwa, likatayarishwa na kukaushwa, nyuzi zake huhifadhi chachu, nalo hutumika tena na tena. Kitete kiliwekwa karibu na meko, kwa kuwa baridi ya Mbooni huilaza chachu. Mpishi alikisikiliza kwa sikio, akatazama povu, akanusa, akaonja ukali na utamu. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Kabla ya mgeni kupewa, aliyepika ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya watu. Kama kuna ubaya, uanze naye."

Naam. Katika sentensi hizo mbili mna sheria kamili ya vileo. Mtengenezaji anajulikana, amesimama mbele ya mnywaji, naye huweka mwili wake dhamana ya kazi yake. Tujiulize basi: je, sheria zetu zimewahi kuifikia hekima hiyo?

Historia yatujibu kwamba kwa muda mrefu sheria ilitazama mnywaji ni nani na chombo ni cha namna gani, wala haikutazama kilichomo. Enzi za ukoloni, Mwafrika alikatazwa kwa miaka mingi kunywa vileo vya Kizungu, na marufuku hayo hayakulegezwa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chupa ilikuwa ya Mzungu, kibuyu kikawa cha Mwafrika, na kibuyu kiliwekewa vibali na faini. Baada ya uhuru tuliirithi mizani ileile. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya mwaka 1971 iliziweka pombe zetu katika fungu la peke yake, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kuipiga marufuku chang'aa. Kinywaji kilichopimwa kiwandani kilikuwa halali kwa kuwa kina kizibo na karatasi. Kile cha kibuyu kilikuwa na hatia kabla ya kuonjwa. Kwa lugha ya waamuzi wetu, sura ilipewa alama zote 50.

Matokeo yake yalikuwa nini? Pombe haikutoweka. Ilihamia gizani, na gizani aliyepika haonji kwanza wala hajulikani. Mwezi Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya maskini jijini Nairobi kwa kunywa pombe haramu. Mwezi Juni 2005, msiba kama huo ukawafikia ndugu zetu wa Machakos, wakafa makumi ya watu na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014, kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, zilizika watu makumi kwa mkupuo mmoja. Mwezi Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Katika misiba hii, jina lililojitokeza mara kwa mara ni lile lile: methanoli.

Hapa mwenzangu wa kemia alitupa somo ambalo laiti lingefundishwa katika kila shule ya upili nchini. Uki wa asali au wa miwa, ukichachuka kwa kawaida, hauna methanoli ya kiasi cha kuua. Methanoli iuayo kwa wingi ni ile ya viwandani, ambayo mtu mwenye tamaa huichanganya na kinywaji ili kukiongezea makali kwa gharama ndogo. Mwilini, ini huigeuza kuwa formaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mshipa wa jicho. Mgonjwa akiwahishwa hospitalini huweza kuokolewa, lakini wengi hufikiri ni ulevi wa kawaida, wakalala, wasiamke.

Nikamwuliza mzee kama ulimi wake ungeweza kuigundua. Akatikisa kichwa. Mwenzangu akathibitisha: harufu na ladha ya methanoli inakaribiana mno na ya pombe ya kawaida, na ndani ya mchanganyiko hakuna mwonjaji hata mmoja duniani awezaye kuapa kwamba ameitambua. Basi hapo ndipo niliposhushwa kiburi changu cha alama 39. Ulimi waweza kutueleza kama mpishi aliharakisha. Hauwezi kutueleza kama mpishi ni muuaji. Ubora huamuliwa kwa kuonja, lakini usalama huamuliwa kwa kupima, na taifa linalovichanganya viwili hivi litaendelea kuzika watu wake.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, Mheshimiwa John Mututho, ilijaribu kurekebisha mambo. Ilizifuta zile sheria kongwe, ikaruhusu hata chang'aa itengenezwe na kuuzwa mradi itimize viwango. Iliweka umri wa miaka 18 kuwa kikomo, ikapanga saa za kufungua baa, na ikakataza leseni za baa ndani ya mita 300 kutoka shule. Ilikuwa hatua ya busara. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa uliwekwa juu mno. Mama wa Mbooni mwenye kitete kimoja atapata wapi mtambo wa kujazia chupa, muhuri wa ushuru, na nauli ya kupeleka sampuli maabara ya mbali? Kwenye karatasi aliruhusiwa, lakini kwa vitendo aliachwa palepale alipokuwa mwaka 1980.

Mfano wa pili umo katika mtama. Mwaka 2004 kampuni ya bia ilileta bia ya pipa ya bei nafuu, Senator, ambayo serikali iliisamehe ushuru ili iwavute watu kutoka katika pombe za kuua. Wakulima wa sehemu kame za Makueni na Kitui wakapata soko la mtama aina ya Gadam, unaovumilia ukame. Mwaka 2013 serikali ikarudisha sehemu kubwa ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na mkulima akabaki na magunia yake ghalani. Miaka miwili baadaye nafuu ya ushuru ikarejeshwa. Funzo ni kwamba palipokuwa na kinywaji kilichopimwa na bei iliyomfikia maskini, maskini alikichagua. Hakuna aliyezaliwa akiipenda sumu.

Dalili moja ya matumaini yaonekana katika mabadiliko ya kodi ya mwishoni mwa mwaka 2024, yaliyoacha kutoza bia kwa lita na kuanza kuitoza kwa kiasi cha pombe halisi kilichomo, na kuwapa watengenezaji wadogo walio huru kiwango cha chini kuliko cha viwanda vikubwa. Naipongeza hatua hiyo bila kusita, kwa kuwa kwa mara hii dola imetazama ndani ya chombo. Lakini nani ananufaika? Ni yule mwenye kiwanda kidogo cha mjini, aliyepika ile bia nyeusi tuliyoionja. Sina kinyongo naye. Kazi yake ni njema, naye amelipa gharama ya kupimwa. Ninachouliza ni kwa nini mzee wa Kikima, mwenye ulimi na ujuzi uleule, hana njia ya kusimama kando yake.

Najua nitajibiwa. Walimu wengi, na wazazi wengi zaidi, watasema kuwa pombe ni pombe. Iwe ya kibuyu au ya chupa nyeusi, imevunja nyumba, imewatoa vijana shuleni, na hakuna alama za ladha zitakazofuta machozi ya mama. Sina haja ya kulipinga hilo. Bia tuliyoionja ilikuwa na nguvu kuliko laga ya kawaida, na mtu akiinywa kila jioni itamwangamiza kwa adabu zote za bilauri. Mila yetu yenyewe ililifahamu jambo hilo. Pombe ilikuwa ya wazee, na kijana hakukaa barazani na kibuyu. Lakini tuitenganishe mizigo hii miwili. Ulevi ni janga linalohitaji malezi, kazi na tiba. Sumu ni jinai inayohitaji kipimo na mashtaka. Tukimkamata mama wa kitete kwa kisingizio cha sumu, hatumponyi mlevi, wala hatumfikii mwenye pipa la methanoli.

Mwezi Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti vileo na dawa za kulevya, iliyopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na kuzuia uuzaji wa vileo mitandaoni na katika maduka makuu. Mjadala ulikuwa mkali, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo. Kwa upande wangu, sioni ubaya wa umri kupandishwa. Ni kurudi karibu na walikokuwa wazee wetu. Walakini, nambari iliyoandikwa ukutani haiwezi kufanya kazi ya maabara. Kijana wa miaka 22 hufa kwa methanoli kama wa miaka 19. Orodha ya marufuku ikirefuka bila ya kipimo kuongezeka, tutakuwa tumeongeza giza palepale ambapo giza ndilo lililoua.

Yafanywe nini basi? Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imewapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Kaunti za Ukambani zina uwezo wa kuanza bila kungoja Nairobi. Kwanza, kila kaunti ndogo iwe na kituo cha kupimia, hata cha kawaida, ambako mpishi atapeleka sampuli kwa ada ndogo na kurudi na cheti. Pili, wapishi wa jadi waruhusiwe kujiunga katika vyama vya ushirika, wapike mahali pamoja, pasafi, chini ya jina linalojulikana, kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Tatu, adhabu kali ielekezwe kwa anayeuza methanoli kwa ajili ya kunywewa, kuanzia kwa mwagizaji hadi kwa mchuuzi, badala ya kumwishia mama mwenye sufuria mbele ya kamera.

Nne ni sisi walimu. Mwanafunzi wa shule ya upili hujifunza kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli kwa nyuzi 78.3, akaandika hivyo katika mtihani, akapata alama zake. Ni wangapi tumemwambia kwamba methanoli hiyohiyo, ikichanganywa kwa siri na kinywaji, ndiyo iliyopofusha jirani zake? Tumefundisha tarakimu tukaficha makaburi. Simwambii mwanafunzi aonje. Sheria inamkataza, nami pia namkataza. Namwambia ajue kilichomo, aulize nani alipika, na nani alipima.

Tulipoaga, mzee alikishusha kile kitete, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakirudisha ukutani. Hakulalamika. Alisema tu kwamba waliomrithi kijijini wanapika usiku, kwa haraka, na hawaonji mbele ya wageni. Nimelipima neno hilo njia nzima ya kuteremka vilimani. Zamani tuliye mwonjaji wa kwanza, tukamfukuza kwa jina la maendeleo, na mahali pake hatukuweka mtu. Serikali ikitaka kuheshimiwa katika vita hivi, na ikae pale alipoketi mpishi: ipime kwanza, mbele ya watu, kisha ndipo impe mwananchi ruhusa au imnyime. Kinyume cha hayo tutabaki kuusifu mkakasi, na kuugundua ule mti siku ya mazishi.